Soma ukingoja makaa yashike: namna ya kuzoea kusoma Biblia kila siku

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Kondele hapa Kisumu, na kwa miaka kama sita hivi mfululizo kila kesha ya 31 Desemba nilikuwa nasimama kanisani na wenzangu naahidi Mungu ati mwaka huu nasoma Biblia yote kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo, na kila mwaka nilikuwa nakwama mahali pamoja, Walawi, kwa zile sadaka za kuteketezwa na figo na mafuta yaliyo juu ya figo. Nikawa nadhani roho yangu ndio iko na shida. Siku moja nikachukua chaki nikapiga hesabu pale juu ya meza ya kukatia, nikaona kumbe nilikuwa najitega mwenyewe.

Hesabu ni hii. Biblia ya vitabu 66 iko na sura 1,189, ukigawa kwa siku 365 unapata tatu na kitu kidogo. Sasa ukianza 1 Januari na sura tatu kwa siku, Mwanzo ni 50, Kutoka ni 40, hizo ni siku 30, yaani tarehe 31 Januari ndio unafungua Walawi. Na Januari kwa fundi ni mwezi wa sare za shule! Wazazi wamejaa mlangoni kila mmoja anataka sketi ya mtoto wake imalizwe leo leo, karo ya wangu mwenyewe bado, halafu jioni na macho yamechoka hivyo nifungue habari ya figo. Nani angeweza?

Kwa hivyo haya ni ya mtu ameanguka mara sita. Kama wewe ulijaribu mara moja ukaweza, mshukuru Mungu, labda hayakuhusu.

Hatua ya 1: funga kusoma kwako kwa kitu unafanya kila siku utake usitake

Watu wengi watakuambia amka saa kumi na moja. Ni sawa, Yesu mwenyewe aliamka alfajiri na mapema sana akaenda kuomba, iko Marko 1:35, sina ubishi na hiyo. Lakini mimi nimejaribu alamu ya saa kumi na moja na nikajifunza tu vile kidole kinaweza kuzima simu bila kichwa kujua.

Kilichonisaidia ni pasi. Natumianga pasi ya makaa, ile nzito ya chuma iko na kijogoo pale mbele cha kufungia kifuniko, kwa sababu stima ikipotea kazi inalala, na hata ikiwepo tokeni zinaisha mbio ukipiga pasi makoti. Kila asubuhi nikifungua kibanda kitu cha kwanza ni kutia makaa, kupepea kidogo, kuiweka pale mlangoni upepo unapopita, halafu ni kungoja. Makaa hata uyaombee hayaharakishi, ni dakika kumi, siku ya mvua yakiwa na unyevu ni kumi na tano. Zamani hizo dakika zilikuwa za simu, naangalia status za watu, na nikiinuka hapo sikumbuki hata moja.

Sasa Biblia inakaa kwa droo ya bobini. Si nyumbani, si kwa mkoba, ni hapo kwa droo ya bobini, nikikaa kwa mashine goti linaigusa. Makaa yakianza kushika nafungua, na kile kijogoo kikipata moto mpaka kinachoma kidole, nafunga, naanza kazi. Siku zingine ni sura nzima, siku zingine ni mistari kumi mteja ameingia. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasahau, naenda kwa simu, lakini sasa hata nisipofikiria nikishika tu mfuko wa makaa mkono mwingine uko kwa droo.

Wewe tafuta pasi yako. Kama unapandanga matatu ya Kakamega ama ya Busia unajua vizuri gari haitoki mpaka ijae, na kule kujaa kunaweza kuchukua nusu saa, hiyo ni sura mbili bila haraka. Kama uko na boda kuna ile saa ya pale steji kabla abiria wa kwanza hajatokea. Mama wa uji anangoja uji ushike, mlinzi wa geti iko saa fulani usiku hakuna gari inapiga honi, mwenye wanafunzi nyumbani anangoja maji ya kuoga ipate moto. Ila angalia mambo matatu kabla uchague: iwe ni kitu cha kila siku, iwe mahali pamoja, na iwe na mwisho wake. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau lakini ndio inasaidia sana, kwa sababu ukijua utasimama saa uji umeiva hauogopi kuanza. Kinachofanya mtu aahirishe ni kufikiria anaingia kitu hakina mwisho.

Na Biblia iwe hapo hapo. Ikiwa ni lazima uinuke uende chumba kingine uitafute chini ya nguo, hautaenda, nakuambia ukweli.

Hatua ya 2: usianze na Mwanzo

Najua inasikika vibaya. Anza na Marko. Ni sura 16 tu, ni fupi kuliko Injili zingine zote, na haikai mahali pamoja, dakika hii wako ziwani, dakika ingine wako kwa nyumba ya mama mkwe wa Simoni ako na homa. Ukisoma sura moja kwa siku unamaliza kabla wiki ya tatu iishe, na kumaliza kitabu kizima, hata kidogo, inakupa nguvu ambayo sikuwahi kupata na zile ahadi zangu za Desemba.

Baada ya Marko uko na njia nyingi. Yenye nimependa mimi ni hii: Agano Jipya lote liko na sura 260, na mwaka uko na wiki 52, ukisoma siku tano kwa wiki sura moja moja, 52 mara 5 ni 260 kamili. Kamili kabisa, hakuna kubaki! Jumamosi na Jumapili ziko wazi. Jumamosi mimi iko na wateja wengi wa kuchukua nguo za harusi na matanga, na Jumapili niko kanisani, kwa hivyo hiyo mpango ni kama ilishonwa kwa kipimo changu.

Kama wewe ni Mkatoliki hata usijisumbue kutengeneza ratiba, masomo ya misa ya kila siku yako kwa kalenda ya liturujia, fuata hayo, na Jumapili utayasikia yakisomwa tena mbele ya watu, za Jumapili zinazunguka kwa miaka mitatu. Wasabato wako na lesoni zao za wiki 13 kila robo ya mwaka, na kila siku imewekewa mafungu yake. Hapo kazi yako ni kufungua tu. Ukitaka kitu kando, Mithali iko na sura 31, soma sura ya tarehe ya leo, tarehe 9 sura ya 9, haujiulizi ulifika wapi.

Kuna ratiba moja ya zamani sana ya mchungaji wa Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, ya 1842, inakupa kama sura nne kila siku, kwa mwaka unasoma Agano la Kale mara moja na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. Ni nzuri, lakini si ya kuanzia. Hiyo ni kumpa mtoto wa kushona kifungo koti la suti.

Hatua ya 3: chagua Biblia ambayo unaielewa, na ukiweza kuwa na mbili

Wengi wetu hapa tumekua na Union Version, ile ya 1952, na Kiswahili chake ni kitamu kwa masikio lakini ni cha pwani na cha zamani, mtu wa Kondele ama Bungoma anakutana na akida, liwali, kijakazi, pishi, na anaendelea tu kama ameelewa. Mimi nilikuwa nasoma Marko 4 na kijana wangu wa gredi ya nne, pale dhoruba imekuja ziwani na Yesu amelala, na imeandikwa alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto". Mtoto akanitazama. Akaniuliza, mama, alilalaje juu ya mto na wako ziwani? Nikaanza kucheka halafu nikashika breki, kwa sababu mto wa kulalia nilikuwa najua lakini shetri sikuwa najua, miaka yote hiyo nimeipita kama kituo cha gari. Tukachukua Biblia Habari Njema ya jirani tukaona ni sehemu ya nyuma ya mashua. Kijana akasema sasa ameelewa, hapo nyuma ndio mwenye kushika usukani anakaanga, ameona Dunga, pale wavuvi wa Kisumu wanaegesha mashua. Mimi mwenyewe tangu siku hiyo, hiyo hadithi naiona na mashua za Dunga, na ule upepo wa ziwa jioni ukianza kuleta maji juu.

Kwa hivyo soma ile unapenda na uwe na nyingine ya lugha rahisi pembeni ya kuangalia ukikwama. Kama lugha ya nyumbani unaisoma vizuri usiiache, dani yangu, yaani nyanya, alikuwa na Muma Maler, Biblia ya Kijaluo, peke yake na alijua mengi kuliko sisi wa Biblia tatu. Filipo alipomkuta yule Mwethiopia kwa gari lake, kwa Matendo 8, swali lake lilikuwa moja tu, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Hakumuuliza amefika sura ya ngapi.

Kuhusu simu: apu za Biblia ni msaada mkubwa, ile ya YouVersion ni bure na iko na Kiswahili, na matoleo mengi unaweza kupakua mara moja ukiwa na bando halafu usome bila data. Unaweza pia kusikiliza, mimi nasikilizanga nikitoboa matundu ya vifungo kwa sababu hiyo kazi haitaki kichwa. Lakini kama simu ndio kitu kinakuibia dakika, usitume mwizi akulindie kuku. Karatasi haileti ujumbe wa mteja anauliza nguo iko tayari ama bado.

Hatua ya 4: soma kwa sauti, na uandike mstari mmoja

Kwa sauti ya chini tu, kama unajinong'oneza. Macho yakichoka yanaruka mistari lakini mdomo hauruki. Majirani wa kibanda mwanzoni walifikiri naongea na pasi.

Kuandika nako usifanye mradi mkubwa, usinunue daftari ya ngozi na kalamu za rangi, hizo zinamaliza nguvu kabla ya Jumatano. Mimi naandika kwa daftari ya vipimo. Yaani ukurasa uko na kifua 38, kiuno 32, urefu wa sketi 27, halafu pale pembeni: "Marko 2, nani alilipa hiyo paa?" Mteja mmoja aliiona hiyo nilipokuwa nampima akauliza ni paa gani, tukaongea habari ya wale watu wanne walitoboa nyumba ya watu ili mgonjwa wao ashuke, tukajikuta tumemaliza robo saa, na suruali yake sikuwa nimeandika vipimo hata kimoja.

Mstari mmoja. Ikiwa ni swali ni sawa, ikiwa ni malalamiko ni sawa pia, Zaburi zenyewe nyingi ni malalamiko.

Hatua ya 5: ukikosa siku, usilipe

Hapa ndio nataka uketi kidogo, kwa sababu mahali watu wanapotelea ni hapa.

Umekosa Jumatatu, mtoto alikuwa mgonjwa. Jumanne matanga. Jumatano umechoka tu, tuseme ukweli. Alhamisi unafungua ile ratiba unaona uko nyuma sura tisa, na za leo tatu, ni kumi na mbili, unasema nitalipa Jumamosi. Jumamosi zimekuwa kumi na nane. Hapo Biblia imegeuka kuwa kama ile mikopo ya simu, ukiona tu jina lake unaangalia kando. Na mtu akiwa na deni anafanya nini? Anapita njia ingine. Mimi nilikuwa napita kando ya meza ile Biblia ilikuwa nikiangalia ukuta, siongezi chumvi.

Deni hilo halipo. Hakuna mtu amekuandika kwa kitabu. Tazama vile mana ilikuwa, kile chakula Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, kwa Kutoka 16: kila asubuhi wanaokota ya siku hiyo, pishi moja kwa kila mtu, na wale waliweka ya kesho iliingia mabuu ikanuka, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Sasa sijawahi kusoma mahali mtu hakutoka asubuhi moja halafu kesho yake akaambiwa aokote mara mbili kulipa ya jana. Ya jana imeyeyuka na jua, imeisha. Sisi wa hapa tunaelewa hii vizuri, omena, wale samaki wadogo wa kuanika, ikinyeshewa kabla ikauke haikungoji wewe ujipange.

Kwa hivyo kanuni yangu ni: nikirudi, nasoma ya leo. Kama nilikuwa Luka 8 na nikapotea siku nne, narudi Luka 9, basi. Kumaliza kutasogea mbele siku nne, na kwani kuna ndege naikimbilia? Ukifuata ratiba ya tarehe, ruka uingie tarehe ya leo, zile ulizoruka zitakuja tena mwaka kesho. Maombolezo 3 inasema rehema zake "ni mpya kila siku asubuhi", na hiyo iliandikwa na mtu amekaa kwa mji umebomolewa, hakuwa anaongea mambo ya kupamba ukuta.

Jambo lingine la hapo hapo. Apu zinahesabu siku mfululizo, na inafurahisha, mimi nilifika 61. Halafu simu ikaingia maji ya mvua, wiki moja iko kwa fundi wa simu, kurudi inasoma moja. Aki niliumia! Nikaacha kusoma karibu miezi miwili kwa sababu ya nambari, wakati Biblia ya karatasi ilikuwa kwa droo hiyo wiki yote. Kama wewe unajijua uko hivyo, usiangalie hiyo hesabu. Weka tu alama ndogo ya penseli kwa kona ya sura umemaliza, ya jana haifutiki hata ukipotea mwezi.

Hatua ya 6: mtu mmoja

Si grupu ya watu mia mbili, hizo zinajaa picha za maua na jumbe za habari ya asubuhi na mwisho mtu anatangaza shamba. Mtu mmoja tu mnasoma kitabu kimoja. Wangu ni dada yangu mdogo yuko Nakuru, Kaptembwo, anafanya kazi ya usiku, tunatumiana sauti ya dakika moja, yeye akitoka kazi mimi nikitia makaa. Akinyamaza siku tatu siulizi umesoma? Nauliza uko salama? Tofauti utaiona.

Hatua ya 7: zile sehemu ngumu, ingia na kitu chako mkononi

Ukishakuwa na mazoea ya miezi kadhaa na Agano Jipya, sasa rudi Mwanzo, na usiogope. Watu wanaanza kusinzia Kutoka 25 pale vipimo vya hema na vyombo vyake vinaanza, lakini mimi hapo ndio niliamka. Sura ya 26 ni mapazia kumi, kila moja mikono 28 urefu na mikono minne upana, tanzi hamsini upande huu na hamsini upande ule zikielekeana. Nimeshona mapazia ya ukumbi mimi, najua tanzi hamsini kukaa sawa na hamsini zingine ni kazi ya kulia! Halafu sura ya 28 joho la kuhani, tundu la kichwa liko katikati na limezungushiwa ukingo ili lisipasuke. Hiyo ni fundi anaongea. Nilimaliza hiyo sura pasi imeshakuwa moto sana na sijali.

Kila mtu iko na kitu chake. Mkulima wa Kitale asome sheria za mavuno na masazo, mwenye duka asome mizani kwa Mithali, mjenzi aanze na Nehemia 3 aone nani alijenga wapi. Zaburi 119 iko na mistari 176 lakini imekatwa vipande 22 vya mistari minane minane, soma kipande kimoja kwa siku. Sura ndefu haijaandikwa popote ni lazima iishe kwa kikao kimoja.

Saa hii niko Hesabu 7, mistari 89, nimeigawa siku kadhaa. Wakuu kumi na wawili wanaleta sadaka siku kumi na mbili, mmoja kila siku, na wote wanaleta vitu vile vile: sahani ya fedha shekeli 130, bakuli la fedha shekeli 70, kijiko cha dhahabu shekeli kumi, na kila mmoja anaandikwa upya kama hakuna mwingine alikuja jana. Zamani ningeruka. Juzi nikakumbuka harambee zetu, vile mwenye kipaza sauti anasoma jina moja moja na kiasi mtu ametoa, hata kama watu thelathini wote wametoa mia tano, na jaribu tu kuruka jina la mzee mmoja uone vile ataondoka. Leo nilikuwa siku ya tano, Shelumieli wa kabila la Simeoni, halafu kijogoo kikapata moto.